Manung'uniko Yanayopelekwa kwa Mwenyewe

Mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani ya kusini, mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika wilaya ya Kilwa, na magari yakakwama. Chukua mkulima wa Kilangala, mkoani Lindi, ambaye msimu kama ule maji yamelala juu ya mihogo yake na ufuta umeozea shambani. Jumapili anakwenda ibadani. Kiongozi anapaza sauti kwamba Mungu ni mwema, naye anaitikia na wenzake: kila wakati! Zamu yake ya kuomba ikifika, anashukuru kwa uzima, anashukuru kwa pumzi, anawaombea wagonjwa na wasafiri, amina. Shamba hakulitaja.

Salamu zetu zina nafasi kubwa kuliko sala hiyo. Mtu wa pwani ukimuuliza habari za nyumbani atajibu nzuri, na baada ya nzuri mbili tatu atakwambia, "Ila mtoto ana homa tangu juzi." Adabu imetimia na taarifa imefika. Sala zetu nyingi huishia kwenye nzuri.

Tunadhani huo ndio unyenyekevu, lakini kitabu cha sala ambacho Wakristo walikirithi kwa Wayahudi hakikuandikwa hivyo. Mtaalamu wa Kijerumani Hermann Gunkel, aliyezipanga Zaburi kwa aina zake mwanzoni mwa karne ya 20, aliona kwamba nyimbo za kulalamika ndizo kundi kubwa kuliko yote. Kwa hesabu ya kawaida ni kama theluthi moja ya Zaburi 150. Karibu nyimbo hizo zote zina mwendo mmoja. Mwombaji anamwita Mungu, anamweleza kilichomsibu bila kukipaka sukari, mara nyingi anamlaumu Mungu mwenyewe kwa kukaa kimya, halafu anaomba jambo mahususi, na mwishoni anageukia tumaini. Zaburi ya 13 inauliza ni mpaka lini mara nne ndani ya aya mbili za kwanza. Ya 88 haifiki hata kwenye tumaini: inaanza na kilio na kuishia gizani. Kanisa Katoliki halikuificha. Katika Sala ya Kanisa, yaani sala zake rasmi za kila siku, ndiyo zaburi ya kulalia kila Ijumaa.

Hapo msomaji makini atauliza: si Waisraeli waliadhibiwa jangwani kwa kunung'unika? Waliadhibiwa, na jibu limo katika sura ileile, Hesabu 11. Watu wanalalamika, na moto unateketeza kingo za kambi. Wanarudia tena, safari hii wanaililia nyama, wakikumbuka samaki na matango ya Misri. Kisha Musa naye anasema, na maneno yake ni mazito kuliko yao. Anamuuliza Mungu kama yeye ndiye aliyewachukulia mimba watu hawa, anasema mzigo umemshinda, na kama mambo ni haya basi heri Mungu amuue. Haungui. Anapewa wazee 70 wa kumsaidia kubeba. Ukisoma na Kumbukumbu la Torati 1, kuhusu manung'uniko mengine ya watu haohao, utaona tofauti yao na Musa: wale walinung'unika hemani mwao, wakimsema Mungu kwamba anawachukia. Musa alimwendea Mungu. Kwa maoni yangu, mafundisho yote ya sala ya kweli yamo katika hatua hizo chache za kutoka hemani hadi mbele zake.

Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hii ya Lindi na Kilwa, hawatashangaa. Katika Sura ya Yusuf, Yakubu aliyepofuka macho kwa majonzi anawajibu wanaomlaumu kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu peke yake. Na huyo ndiye mfano wao wa subira njema.

Watawa wa Kibenedikto waliofungua misheni za Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890 walikuja na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo sura yake ya 18 inataka zaburi zote 150 zisaliwe ndani ya wiki moja. Yaani hata mtawa aliyeamka na furaha hulazimika kulia na anayelia. Mwaka 1905, vita ya Maji Maji ilipoziteketeza misheni zote mbili, maneno ya kusalia yalikuwa vinywani mwao tayari, hata yale makali ya kumwombea adui mabaya. Makali hayo yana mgogoro wake: Sala ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1971 iliziacha kabisa Zaburi za 58, 83 na 109. Naelewa sababu, ila nasikitika. Aliyedhulumiwa akimkabidhi Mungu kisasi chake, angalau mkononi hana panga.

Lakini ukweli huo wa kumlalamikia Mungu una mahali pake. Sote tumewahi kukaa kwenye jumuiya ambapo mtu anafumba macho na kumpiga jirani yake vijembe kwa dakika kumi, akisingizia kwamba anaomba. Yule anaongea na jirani. Uchungu unaohusu watu usaliwe chumbani kwanza, na kwa lugha inayokujia. Mmwera aliyezoea maisha yake yote kusali kwa Kiswahili cha kitabu atashangaa namna Kimwera kinavyofungua kifua. Taja vitu kwa majina: deni la pembejeo, mume aliyekwenda Dar asipige simu, ekari ngapi zimekwenda na maji. Kisha sema unataka nini.

Kwa wachungaji na makatekista nina ombi moja. Muumini akithubutu kusali hivyo mbele yenu, msikimbilie kumwambia asikufuru. Marafiki wa Ayubu walimtetea Mungu kwa hotuba ndefu sana, na katika sura ya 42 Mungu anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa kumhusu, kama alivyonena Ayubu aliyelalamika. Wakaamriwa wapeleke ng'ombe saba na kondoo dume saba, na Ayubu awaombee.