Paka wa Tokyo na pumu ya mwanangu

Wiki ya tatu ya mafunzo jijini Tokyo nilikuwa silali. Mchana nipo darasani, usiku natazama dari na kuhesabu kwamba nyumbani Dar es Salaam sasa hivi ni saa ngapi. Mwenzangu mmoja, Mtanzania mwenye ujauzito wa miezi mitano, akaniambia kuna mkahawa ambao watu huenda kupumzika na paka. Nilicheka. Kwetu paka anakaa nawe bure chini ya meza ya mama ntilie, akisubiri mwiba wa samaki.

Tulikwenda Jumamosi, eneo la Shinjuku. Mlangoni unavua viatu, unanawa mikono, kisha wanaandika saa uliyoingia, maana unalipia muda, si kikombe cha chai. Masharti yamebandikwa ukutani: usimwamshe paka aliyelala, usimnyanyue, usimlishe ulichokuja nacho. Watoto wadogo hawaingii. Ndani kimya kabisa. Mzee mmoja wa suti alikuwa amekaa sakafuni, paka amelala mapajani mwake, naye hathubutu hata kunyoosha mguu.

Mikahawa ya aina hii ilianzia Taipei, Taiwan, mwaka 1998, lakini Japani ndiko iliposhamiri. Nyumba nyingi za kupanga Tokyo haziruhusu mnyama, hivyo anayemtamani paka humfuata mkahawani.

Baada ya nusu saa mabega yangu yalilegea, na usiku ule nililala. Sikuwa najidanganya. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi 249. Waliopewa dakika 10 tu za kuwapapasa paka na mbwa, vipimo vya mate yao vilionyesha kiwango cha chini cha kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, kuliko wenzao waliotazama tu au kusubiri zamu. Lakini ni nafuu ya muda mfupi. Mwenye sonona anayetumia dawa asiache dawa zake kwa sababu ya paka.

Mwenzangu, kwa upande wake, alisita mlangoni. Mama yake alimkanya: mjamzito asisogelee paka. Mama hakukosea kabisa. Kuna vimelea vya toksoplasma ambavyo paka huweza kuvitoa kwenye kinyesi, na mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto tumboni anaweza kudhurika macho na ubongo. Ila hatari ipo kwenye kinyesi, si kwenye mgongo wa paka. Tena kinyesi hicho huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi ya kuondoa uchafu wa paka, na uondolewe kila siku. Akilima bustani avae glovu. Na mishikaki isiyoiva vizuri, au kachumbari ya mboga zisizooshwa, ni njia ya vimelea hivyo hivyo ambayo wengi hatuiogopi. Mwenzangu aliingia, akanawa mikono alipotoka.

Aliyekosea ni mimi, niandikaye safu hii kila wiki.

Nilirudi Dar nimevaa sweta lile lile nililokalia na paka, kwa sababu ndani ya ndege kuna baridi. Mwanangu wa miaka saba ana pumu. Alinirukia uwanja wa ndege, akalala begani kwangu ndani ya gari. Tulipofika Ubungo alikuwa anakohoa, nyumbani kifua kikaanza kulia filimbi. Tulitumia dawa yake ya kuvuta, akatulia baada ya muda. Mke wangu ndiye aliyeuliza, "Haya manyoya ya nini kwenye sweta?"

Wazazi wengi hudhani tatizo ni manyoya. Hapana. Mzio wa paka husababishwa hasa na protini iliyo kwenye mate na ngozi yake. Anapojilamba, mate hukauka na kuwa vumbi laini linaloelea hewani na kunata kwenye nguo, mapazia na makochi. Ndiyo maana mtoto anaweza kubanwa kifua bila kumwona paka, na nyumba iliyohamwa na paka inaweza kubaki na vumbi hilo kwa miezi. Paka mwenye manyoya mafupi si salama zaidi.

Kama mwanao ana pumu na umekaa na paka, badili nguo na uoge kabla ya kumkumbatia. Ukitaka kujua kama paka humsumbua, mwulize daktari wake. Usimjaribishe mwenyewe kwa kumpeleka kwa jirani mwenye paka. Na dawa ya kuvuta isikae kabatini mnapotoka.

Jambo jingine linatuhusu sisi kuliko Wajapani. Nchi yao haijapata mnyama aliyeambukizwa huko huko kichaa cha mbwa tangu mwaka 1957. Kwetu ugonjwa huo upo, na paka naye huambukiza. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo mkaulizie chanjo. Msisubiri kuona kama paka atakufa.

Sweta nimelifua mara mbili. Mwanangu ameniomba paka. Daktari wake amesema tupime mzio kwanza, na kwa sasa anaridhika na picha kwenye simu yangu, hasa ya yule mzee wa suti aliyeogopa kunyoosha mguu.