Je, Wajua? Mwamba Wenye Afya Hupiga Kelele

Bahari ikitulia husemwa imenyamaza, lakini chini ya maji pale Kuruwitu, pwani ya Kilifi, hakunyamazi hata kidogo. Mpiga kelele mkuu ni kamba asiyezidi urefu wa kidole, mwenye gando moja kubwa kuliko jingine. Akilifyatua, maji huchupa kwa kasi na kuacha kiputo, nacho kikibonyea hutoa mlio mkali. Ufuoni hatumsikii, kwa kuwa sauti ya majini ikifika juu, karibu yote hurudishwa chini. Vitoto vya samaki humsikia, na hufuata makelele hayo kutafuta mwamba wa matumbawe wa kukaa. Mwamba ulioharibika huwa na sauti hafifu. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba spika zilipotoa sauti za mwamba mzima penye matumbawe yaliyokufa, samaki waliofika waliongezeka maradufu. Basi si tuzamishe spika tu? Hapana, spika huita wageni bila kuwajengea nyumba, wala haizuii nyavu. Wakazi wa Kuruwitu walianzia kwenye nyavu: mwaka 2005 walitenga takriban hekta 30 zisivuliwe, na samaki wakarudi.