Elfu Kumi na Tano kwa Kichwa

Matokeo ya kwanza ya KJSEA, mtihani wa Gredi 9, yalipotoka Desemba 2025, swali lililosikika langoni mwa kila shule lilikuwa lile lile la enzi za KCPE, mtihani wa darasa la nane: "Mwalimu, huyu wangu amepata pointi ngapi?" Baraza la Mitihani linasema hakuna shule ya kwanza wala ya mwisho. Kila somo hupimwa kwa ngazi nane, kuanzia BE2 hadi EE1, na ngazi ya juu kabisa ina pointi 8. Masomo ni 9. Mzazi wa Kenya hahitaji kalkuleta kujua kwamba jumla ni 72, na kufikia jioni vijiji vilikuwa vimekwisha kujipangia orodha zao.

Mimi sina ugomvi na orodha. Ninachouliza ni shule inayoshika mkia imeshindwa na nini hasa, maana ukizitazama zinazofanya vibaya, mara nyingi utaona zinafanana kwa jambo moja kabla hata ya kufika kwenye alama. Zina watoto wachache.

Mpango wa awali wa sekondari msingi, yaani Gredi 7 hadi 9, ulikuwa mwingine kabisa. Jopo la Prof Fatuma Chege lilitaka iwekwe ndani ya shule za upili, na George Magoha, aliyekuwa waziri wa elimu, alizunguka kaunti baada ya kaunti akizindua madarasa ya mtaala mpya wa CBC katika viwanja vya shule hizo. Lengo lilikuwa madarasa 10,000. Serikali ikabadilika. Desemba 2022, jopo la Prof Raphael Munavu likapendekeza watoto wabaki walipo, katika shule za msingi. Mwezi uliofuata Gredi 7 ya kwanza ikaanza, na Magoha akafariki Januari hiyo hiyo. Madarasa yalikuwa upande mmoja wa ua, watoto upande wa pili.

Kwa haki, uamuzi wa Munavu ulikuwa na mantiki. Mtoto wa miaka 12 ni mdogo mno kupelekwa bweni, na shule ya msingi iko karibu na nyumbani. Wazazi wengi walishusha pumzi. Tatizo ni kwamba shule ya msingi haikuwa na maabara, haikuwa na mwalimu wa fizikia, na madawati yake yalitengenezwa kwa watoto wadogo. Mvulana wa Gredi 9 akikaa kwenye dawati hilo, magoti yanagonga mbao.

Pesa nazo zikafuata vichwa: Sh15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kwenye karatasi ni haki tupu, kila mtoto na chake. Sasa piga hesabu. Shule ya mtaa wenye watu wengi, yenye wanafunzi 180 katika kila gredi, ina watoto 540 kuanzia Gredi 7 hadi 9. Mgao wake ni Sh8.1 milioni. Shule ya kijijini yenye 35 kwa gredi ina watoto 105, yaani Sh1,575,000, na hiyo ni iwapo mgao utafika wote na kwa wakati, jambo ambalo walimu wakuu wamezoea kutolitarajia. Zote mbili zinatakiwa kufundisha masomo yale yale 9. Gharama ya kuwa na maabara haipungui kwa sababu watoto ni wachache.

Kwa walimu ndipo panapouma zaidi. Gredi moja ina vipindi 40 kwa wiki, kwa hiyo gredi tatu zenye mkondo mmoja zina vipindi 120. Shule ikiwa na walimu watatu wa sekondari msingi, kila mmoja ana vipindi 40: hatoki darasani kutwa, Jumatatu hadi Ijumaa, na madaftari anasahihisha usiku. Mwalimu huyo alisomea masomo mawili chuoni. Tazama ratiba iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya walimu ya shule kama hiyo, utaona herufi za jina la mtu mmoja kwenye Kiswahili, kwenye Elimu ya Dini, kisha kwenye Sayansi Jumuishi, ingawa sayansi aliiacha mwenyewe alipomaliza kidato cha nne. Somo la asidi na besi anachora ubaoni. Akiwa na moyo, huleta ndimu na majivu kutoka nyumbani.

Mara nyingi mwalimu huyo alikuwa mwanagenzi, mwalimu wa mkataba wa muda. Serikali iliajiri wanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na Aprili 2024 mahakama ya leba ikasema utaratibu huo ni kinyume cha sheria. Muhula wa pili mwaka huo ulichelewa kwa sababu ya mafuriko. Ulipofunguliwa Mei, wanagenzi wakagoma. Watoto waliopoteza wiki hizo ni wale wale wa darasa la kwanza la CBC, waliokuwa Gredi 8 na ambao sasa tunasoma pointi zao. Wanagenzi 46,000 walikuja kupewa ajira ya kudumu Januari 2025, mwaka ule ule ambao watahiniwa wao waliingia chumba cha mtihani.

Mfumo wa kulipa kwa kichwa una tabia nyingine isiyozungumzwa sana: unamtia mwalimu mkuu wa shule ndogo majaribuni. Jina moja la uongo ni elfu kumi na tano. Mwaka wa 2025 wizara ilipokagua idadi ya wanafunzi, wanafunzi hewa wakafichuka, na mgao ukasimamishwa hadi takwimu zihakikiwe. Walioumia kwanza ni waliohesabu kwa uaminifu.

Dawa inayotajwa ni kuunganisha shule ndogo. Kisii au Vihiga, ambako lango la shule moja unaliona kutoka shule nyingine, naiunga mkono. Marsabit au Tana River, kuunganisha kunamaanisha msichana wa miaka 13 kutembea saa kadhaa alfajiri, na wengi kama yeye wataacha shule. Huko hakuna njia ila kila shule ipewe kwanza kiwango cha chini cha walimu na pesa, hata ikiwa na watoto 40, halafu vichwa vihesabiwe juu ya hapo. Hazina ya Kitaifa itasema hakuna fedha. Ianze na zile zilizokuwa zikilipwa kwa wanafunzi hewa.