Winchi Iliyofichwa na Jina Lake

Mvua za kusini, ambazo hunyesha tangu Desemba hadi Aprili, hunasa magari katika njia za udongo za Nachingwea na Ruangwa. Kwa hiyo wenye Land Rover hutaka winchi, na baadhi yao hupenda ifichwe nyuma ya bampa lililokuja na gari. Ni rahisi kuiita "winchi ya bampa".

Jina hilo halifai, na kosa lake si la lugha tu. Bampa la magari mengi ya leo ni plastiki au bati jembamba, wala halikuundwa kuhimili mvuto wa tani 3 au 4. Kinachouhimili ni bamba nene la chuma lililofungwa kwa bolti katika chesisi. Bampa hutobolewa tu ili waya upite. Fundi atakayelifuata jina ataona bampa liking'oka, na waya uliokazwa ukikatika waweza kuua. Twapendekeza "winchi ya chesisi", na bamba hilo liitwe "kitako".

Mkono wa kuiachia ngoma izunguke huru, ambao sharti ufikiwe bila kufungua bampa, waweza kuitwa "kilegezo", ingawa neno hili halijaturidhisha sana.

Kwa kapi hatuna haja ya kubuni: mabaharia wa pwani wanalo neno tangu zamani. Waya ukipitishwa katika kapi lililofungwa mtini, kisha ncha yake ikarudishwa garini, mvuto hukaribia kuwa maradufu, na mwendo hupungua nusu.