Riwaya Zilizogeuzwa Filamu: Anachopaswa Kujua Msomaji na Mtayarishaji

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mwezi Septemba 2021, filamu ya Vuta N'kuvute iliyoongozwa na Amil Shivji ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto nchini Kanada. Mwaka uliofuata Tanzania iliiteua kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar, kipengele cha filamu bora ya kimataifa. Kabla ya hapo, ni filamu moja tu ya Tanzania iliyowahi kupelekwa huko, nayo ni Maangamizi, mwaka 2001.

Habari hizo zilipokelewa kwa furaha. Pamoja na furaha hiyo, ikumbukwe kwamba kisa kilichowavutia watazamaji wa Toronto kilikuwa tayari kimekaa kwenye rafu za maktaba zetu kwa zaidi ya miaka 20. Vuta N'kuvute ni riwaya ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, na kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya Kiswahili kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Mwanafunzi wa Tegeta au Mbagala aliyekuwa akiisoma ili ajibu mtihani alikuwa ameshika mkononi chanzo cha filamu hiyo.

Kutokana na filamu hiyo yamezuka maswali mawili mitaani. La kwanza ni la wanafunzi na wazazi: aliyeitazama filamu, ana haja tena ya kitabu? La pili ni la vijana wenye kamera, ambao Wilaya ya Kinondoni inao wengi na Temeke haiko nyuma: je, mtu anaweza kuchukua riwaya anayoipenda maktabani akaifanya filamu?

Kwa swali la kwanza, riwaya inasimulia habari za Yasmin, binti mdogo wa Kihindi wa Zanzibar anayeozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, akaikimbia ndoa hiyo, na baadaye akakutana na Denge, kijana mwanaharakati anayepambana na utawala wa Waingereza katika miaka ya 1950. Mwandishi ana kurasa za kutosha kumpeleka Yasmin Mombasa na kumrudisha, kumweka Ng'ambo nyumbani kwa Mwajuma, na kutuonesha namna majirani wanavyomtazama binti aliyevuka mipaka ya jamii yake. Filamu ina takriban saa moja na nusu. Imejikita zaidi kwa Yasmin na Denge, walioigizwa na Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika, na mambo mengi ambayo kitabu kinayaeleza kwa maneno, yenyewe inayaacha kwa mwanga, nyuso na muziki.

Huo si upungufu. Mwongozaji anachagua, na hana budi kuchagua. Ila mtahini wa fasihi anauliza kuhusu riwaya: wahusika wake wote, lugha ya mwandishi, mpangilio wa matukio, pamoja na mifano kutoka katika kitabu chenyewe. Anayeingia chumba cha mtihani na kumbukumbu za filamu peke yake atajibu swali ambalo hakuulizwa. Kinyume chake, aliyesoma kwanza kisha akatazama ana faida kubwa, kwani anaweza kuona mwongozaji amekata wapi na kujiuliza kwa nini. Binafsi sijaona zoezi la fasihi lenye manufaa kuliko hilo.

Wapo waandishi walioamua wenyewe kuhamia kwenye filamu. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyewahi kuwa mpakuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille nchini Ufaransa, alianza kuchapa riwaya mwaka 1956. Alipoona wananchi wake wengi hawawezi kusoma Kifaransa alichoandikia, alikwenda Moscow mapema miaka ya 1960 kujifunza filamu. Riwaya yake ya Xala ilitoka mwaka 1973, na filamu yake aliiongoza mwenyewe mwaka 1975, wahusika wakizungumza Kiwolofu pamoja na Kifaransa. Sisi tuna nafuu ambayo Sembène hakuwa nayo, kwa kuwa riwaya zetu nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili ambacho mtazamaji wa banda la video Tandika anakielewa bila mtafsiri.

Swali la pili linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu huumizana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inampa mwandishi haki ya pekee juu ya kazi yake, ikiwa ni pamoja na haki ya kuigeuza kuwa kazi ya namna nyingine, kama vile filamu. Haki hiyo huzaliwa pale kazi inapotungwa, haisubiri cheti. Kitabu kuwemo maktabani hakubadilishi jambo hilo. Maktaba inampa mwananchi fursa ya kusoma, wala haimpi ruhusa ya kutengeneza filamu.

Sheria hailindi wazo tupu. Binti anayeozwa kwa mzee ni wazo la kila mtu, na yeyote anaweza kulitungia kisa chake. Kinacholindwa ni namna mwandishi alivyoliunda wazo hilo: wahusika wake, mazungumzo yao, mfuatano wa matukio. Mtayarishaji anayebadili majina ya wahusika na kuacha mengine yote kama yalivyo hajajinusuru. Anaweza kudaiwa fidia baada ya kutumia fedha zote kwa wasanii na vifaa, na filamu ikazuiwa. Kwa upande wa pili yupo mwandishi, mara nyingi mzee ambaye kitabu chake hakijamlipa sana, anayesikia kisa chake kikisimuliwa mtaani bila jina lake.

Ulinzi huo hudumu katika uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa kanuni hiyo, muda wa kazi alizochapisha akiwa hai, kama vile Kusadikika, umekwisha. Hata hivyo, ni vyema jina la mwandishi litajwe, na toleo jipya huweza kuwa na utangulizi au michoro yenye haki za watu wengine. Ni busara kuuliza kwanza Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) kabla ya kuanza skripti. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na taasisi yake, COSOZA, jambo ambalo ni muhimu kwa kuwa sehemu kubwa ya riwaya zetu bora zimeandikwa na Wazanzibari.

Kwa kazi ambayo bado inalindwa, mtayarishaji aanze kwa mchapishaji. Mikataba hutofautiana: ipo ambayo mwandishi amebaki na haki ya filamu, na ipo ambayo mchapishaji huisimamia kwa niaba yake. Makubaliano yawe ya maandishi, yaeleze malipo, muda, lugha na mahali filamu itakapooneshwa, hususan mtandaoni, kwani mikataba ya zamani haikuufikiria mtandao. Baada ya hapo hubaki taratibu za Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, yaani kibali cha kupiga picha na ukaguzi wa filamu kabla haijaoneshwa kwa umma. Kibali cha Bodi hakichukui nafasi ya ruhusa ya mwandishi.

Vitabu vyenyewe vinapatikana wapi? Maktaba Kuu ya Taifa, iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Rais Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Wachapishaji nchini wanatakiwa kisheria kuwasilisha humo nakala za vitabu vyao, ndiyo maana riwaya iliyokwisha madukani bado huweza kusomwa pale. Ni kweli kwamba kwa mkazi wa Bunju au Chamazi safari hiyo ni ya nauli na nusu siku, na shule yenye maktaba hai humpunguzia mwanafunzi gharama hiyo.

Kwa wakazi wa Temeke, hasa wa Kurasini wanaoishi jirani na bandari, yupo Adam Shafi mwingine wa kumsoma kabla ya Vuta N'kuvute. Riwaya yake ya Kuli, iliyotoka mwaka 1979, inahusu wapakuzi wa mizigo wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Mtayarishaji atakayevutiwa nayo ataukuta mhuri wa mchapishaji nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, na huko ndiko barua ya kwanza inakopaswa kwenda.