Saa tisa za usiku

Wasiwasi wangu huja saa tisa za usiku. Nauza vitenge katika soko la Kimironko, Kigali, na mwaka jana nililala nikihesabu: kodi ya nyumba, karo ya watoto wawili, deni la mzigo. Nilisali, ndiyo, lakini sala yenyewe ilikuwa hesabu ile ile niliyomsomea Mungu.

Mama mmoja wa kanisani akanielekeza Wafilipi 4:6. Paulo aliiandika barua hiyo akiwa kifungoni, na humo anahimiza kuomba pamoja na kushukuru. Hilo la kushukuru lilinichoma. Nishukuru nini na karo haijalipwa?

Nikachukua daftari. Upande mmoja ombi, upande wa pili shukrani. Usiku wa kwanza niliandika tu: mtoto amepona homa. Asubuhi nikapata nguvu ya kwenda kwa mwalimu mkuu kuomba nilipe kidogo kidogo, safari niliyoiogopa wiki tatu. Alikubali.

Wapo wanaodai mwenye imani hana wasiwasi. Siwaamini sana. Deni la mzigo bado lipo, na saa tisa naamka vilevile. Nasali, nageukia ukutani, nalala.