Ngata ya Kichwani na Msingi wa Nyumba

Wasikilizaji, mtu wa Muleba ajitwikaye mkungu wa ndizi hutangulia kusokota ngata ya majani makavu ya mgomba. Je, ngata hupunguza uzito wa mkungu? La, haupungui hata ratili moja. Ila uzito ule, uliokuwa ukikandamiza mahali padogo pa utosi, sasa huenea mahali papana, nacho kichwa hakiumii. Kwa njia iyo hiyo ardhi huichukua nyumba. Haya, tujaribu.

Jazeni karai majivu yaliyochekechwa, mkayasawazishe. Twaeni tofali la kuchoma lenye urefu wa inchi 9, upana inchi 4 na nusu, na kimo inchi 3. Lisimamisheni taratibu juu ya majivu. Mmoja alishike lisianguke, wala asilisukume. Liondoeni, mpime kwa kijiti kina cha shimo. Kisha sawazisheni tena, mkalilaze tofali kwa ubapa. Mtaona kwamba safari hii halizami sana. Tofali ni lile lile. Lakini likisimama hukalia inchi za mraba 13 na nusu, na likilala hukalia 40 na nusu, yaani mara tatu. Basi kila inchi hubeba theluthi tu ya mzigo wa kwanza. Ndiyo sababu fundi mwema huuanza msingi kwa upana kuliko ukuta.

Lakini nguvu haitoki juu peke yake. Tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya kumi walifariki, na nyumba nyingi za Bukoba, Muleba na kwingineko zikapasuka au kuanguka. Tetemeko huisukuma nyumba huku na huku, na hapo msingi mpana pekee hautoshi.

Jaribuni tena. Jazeni mchanga visanduku 12 vya kiberiti, mvipange juu ya ubao kwa safu tatu, mfano wa kuta nne za chumba. Tikiseni ubao: visanduku hutengana, kila kimoja na njia yake. Vipangeni upya, mzungushie safu ya juu ukambaa wa mgomba, mkaze. Tikiseni kama kwanza. Vile vya juu havitengani upesi, kwa maana kila kimoja humsaidia jirani yake kuipokea nguvu.

Katika nyumba, ukambaa huo ni mkanda wa zege na nondo, uitwao linta, upitao juu ya milango na madirisha na kuzunguka kuta zote bila kukatika. Kwa kuwa nguvu hukusanyika penye pembe za madirisha, nyufa nyingi huanzia hapo.

Basi kabla hamjamlipa fundi, mwulizeni mambo mawili: msingi una upana gani, na linta yazunguka nyumba nzima? Akijibu kwamba kipande cha juu ya mlango chatosha, mleteeni visanduku vya kiberiti.